Taa za nje za kubadili rangi, ukuta mita 30 jirani na bahari: mkanda unageuka mwekundu mwishoni

MamaBandani (Tanga)

Waungwana, habarini. Naomba mwongozo wa taa za nje za kubadili rangi kwa simu. Ni sehemu ya chakula Raskazone, bahari iko kama mita 80 kutoka ukutani. Cha kuwashwa ni ukuta wa uzio wa mawe ya matumbawe uliopigwa chokaa, mita 30. Mabanda mawili ya makuti. Minazi mitatu na mkungu mmoja. Ruta ni ya laini ya simu, iko kaunta, na ukuta unaanza mita 20 hivi kutoka hapo.

Kilichofungwa sasa ni roli tatu za mkanda wa RGB (nyekundu, kijani, bluu) wa volti 12, taa 60 kwa mita, zile zenye gundi laini juu. Zimeungwa kwa kufuatana, mita 15, kwa saplai moja ya ampea 10. Mabandani kuna balbu nne za Wi-Fi za kusokota.

Shida ni tatu. Nikiweka nyekundu inawaka sawasawa mwanzo hadi mwisho, lakini nikiweka nyeupe, roli ya kwanza ni nyeupe, ya pili njano, ya tatu wekundu mtupu. Umeme ukikatika na kurudi, balbu za mabandani zinawaka nyeupe kali hata kama ni saa tisa usiku. Na viungio vya mkanda vimeota kijani kabla masika hayajaisha. Niongeze saplai tu, au nivue nianze upya? Sitaki kununua mara mbili.

FundiNgamiani

Dada, usiongeze kitu kabla ya hesabu. Mkanda wa namna hiyo hula wati 14.4 kwa mita ukiwa kwenye nyeupe kamili. Mita 15 ni wati 216, yaani ampea 18 kwa volti 12. Saplai ya ampea 10 inatoa wati 120. Hapo peke yake umepungukiwa karibu nusu. Lakini hata ukifunga saplai ya ampea 30, mwisho utabaki mwekundu, kwa sababu shaba iliyo ndani ya mkanda ni nyembamba kama karatasi na umeme wa roli zote tatu unaulazimisha upite roli ya kwanza.

Kwa nini nyekundu ndiyo inayobaki? Kwenye mkanda wa volti 12 taa zimepangwa tatu tatu kwa mfululizo. Nyekundu inataka kama volti 2 kila moja, jumla 6. Kijani na bluu zinataka kama 3 kila moja, jumla 9. Umeme ukifika mwisho ukiwa volti 9 na kitu, bluu inazima, kijani inasinzia, nyekundu haina habari. Hakikisha mwenyewe: washa nyeupe kwa mwanga kamili, pima kwa maltimita kati ya + na B (bluu) mwanzo wa roli ya kwanza, kisha mwisho wa roli ya tatu. Tofauti ya hizo namba mbili ndiyo ugonjwa wenyewe.

Ningekuwa mimi naanza upya kwa volti 24, RGBW. Volti ikiwa mara mbili, ampea zinakuwa nusu, na upotevu kwa asilimia unashuka hadi robo kwa waya uleule. Hiyo W ni taa nyeupe ya peke yake. Chukua ya 3000K, yaani nyeupe ya joto. Nyeupe inayopatikana kwa kuchanganya RGB ina ubluu, na samaki wa kukaanga chini yake anaonekana kama wa juzi. Kwa sehemu ya chakula, jambo hilo lina uzito kuliko rangi zote 16 milioni wanazoandika kwenye boksi.

Mpango wa mita 30:

Boksi la saplai likae katikati ya ukuta, si kaunta. Unapata mita 15 kulia, mita 15 kushoto. Kila upande ni vipande vitatu vya mita 5, na kila kipande kina waya wake kutoka kwenye boksi. Usiunge kipande kwenye mkia wa kingine.

Kwa mkanda wa wati 14.4 kwa mita, kila kipande ni wati 72, ampea 3 kwa volti 24. Kipande cha mbali zaidi kinaanza mita 10 kutoka kwenye boksi. Kwa kebo ya kori 5 ya mm 1.5 utapoteza karibu nusu volti tu, jicho halioni. Weka fyuzi ya ampea 5 kwenye + ya kila kipande.

Saplai ni mbili za volti 24, wati 320, moja kila upande. Upande mmoja unakula wati 216, ampea 9, kwa hiyo saplai inafanya kazi kwa theluthi mbili ya uwezo wake. Kwa joto la Tanga usipite asilimia 80. Za aina ya Mean Well HLG-320H-24 zinafaa: hazina feni, zimefungwa kabisa. Yenye A mwishoni ni IP65 (IP ni kipimo cha kuzuia vumbi na maji) na ina skrubu ya kurekebisha volti, yenye B ni IP67. Zile saplai za bati lenye matundu ni za ndani ya nyumba tu. Hewa ya chumvi inaingia hadi kwenye bodi.

Kontrola, yaani kifaa cha kubadili rangi, ni moja tu, upande wa kwanza. Upande wa pili funga amplifaya ya RGBW: inapokea ishara kutoka kwenye kontrola, lakini umeme inachukua kwenye saplai yake. Ukifunga kontrola mbili za Wi-Fi na kuziweka kundi moja, rangi moja tuli itakaa vizuri, ila ukichagua rangi zinazotembea, baada ya dakika chache kila upande utakuwa na wimbo wake. Soma pia lebo ya kontrola: ampea kwa kila rangi na ampea za jumla. Wengi wanasoma ya kwanza tu.

Umeme wa volti 230 kutoka jengoni hadi kwenye boksi uje kwa kebo ya ardhini yenye siraha (waya za chuma za kuikinga), kori tatu, kina cha sentimita 45 hadi 60, juu yake tandaza utepe wa onyo kabla ya kufukia. Iwe na sakiti breka yake ya C10, kwa kuwa saplai kubwa zinavuta kwa kishindo zinapowaka na breka ya B huanguka bila kosa. RCD ya mA 30, inayokata umeme ukivuja, ni lazima, tena hapo watu wanapita na ndala zilizolowa. Kazi hiyo mpe fundi mwenye leseni ya EWURA.

PikseliPwani

Mkuu Fundi kaeleza vizuri, ila kama dada anataka rangi zikimbie ukutani kama mawimbi, RGBW ya kawaida haiwezi. Ukuta wote unakuwa rangi moja kwa wakati mmoja. Kwa mawimbi inatakiwa mikanda ambayo kila taa ina chipu yake. Kwa nje angalia WS2815 ya volti 12. Ina njia mbili za data, taa moja ikifa data inaruka na kuendelea. WS2812B ya volti 5 isahau kwa urefu huo.

Bodi ndogo ya ESP32 yenye WLED (programu ya kuendesha taa) inatosha, na haihitaji intaneti, simu inaongea nayo moja kwa moja kwenye Wi-Fi ya hapo. Mita 30 kwa taa 60 ni taa 1800. Data inachukua mikrosekunde 30 kwa kila taa, kwa hiyo mstari mmoja wa 1800 unapata picha kama 18 kwa sekunde, inakatakata. Gawa pini tatu za taa 600 kila moja, mwendo unakuwa laini.

Makosa ninayoyaona sana: bodi inatoa ishara ya volti 3.3, taa zinasubiri 5, matokeo ni kumetameta ovyo. Weka chipu ya 74AHCT125 katikati na rizista ya ohm 33 hadi 100 mwanzoni mwa waya wa data, bodi iwe karibu na taa ya kwanza. Negativu ya bodi na ya saplai lazima ziungane, la sivyo hakuna kitakachoeleweka. Umeme lisha kila mita 5. Kwenye WLED kuna sehemu ya kuweka kikomo cha miliampea, ijaze kulingana na saplai. Watu wanaiacha kisha wanalaumu saplai.

FundiNgamiani

Kwa harusi ya siku tatu, nakubaliana na wewe. Kwa ukuta ulio mita 80 kutoka baharini, usiku wote, mwaka mzima, hapana. Kila taa ni chipu yenye miguu yake midogo, na chumvi inaanza na miguu. Njia ya pili ya data ya WS2815 inaokoa taa moja ikifa. Zikifa mbili zinazofuatana, kila kilicho mbele kinazima au kinachanganyikiwa. Mkanda wa kawaida, kundi moja likifa unabaki na sentimita 10 za giza na biashara inaendelea. Halafu hizo zenye chipu zinakula umeme kidogo hata zikiwa nyeusi, kwa hiyo unahitaji rilei ya kuzikata.

Kama mawimbi ni ya lazima, fanya mita 5 za nyuma ya kaunta, penye paa.

PikseliPwani

Mita 5 penye paa, sawa. Hapo sibishi.

Mtandao_Chumbageni

Upande wa balbu na Wi-Fi.

Kuwaka nyeupe umeme ukirudi si ubovu. Kiwandani wameziweka hivyo ili swichi ya ukutani ifanye kazi hata bila simu. Fungua balbu moja kwenye programu, nenda kwenye mipangilio yake, tafuta sehemu inayosema ifanye nini umeme ukirudi, chagua ibaki ilivyokuwa kabla au ibaki imezimwa. Fanya kwa kila balbu, kuliweka kundi pekee mara nyingi hakutoshi. Balbu nyingine za bei ya chini hazina kipengele hicho kabisa; kiulize dukani kabla ya kulipa.

Swichi ya ukutani nayo ni adui. Mhudumu akizima swichi, balbu imekufa kwa mtandao na ratiba yote imekwenda na maji. Iache imewashwa, ifunike, na mpe mhudumu kitufe kisicho na waya. Na usiweke balbu hizi kwenye swichi ya kupunguza mwanga, zitavuma na kuungua.

Balbu zisizoshika Wi-Fi, angalia haya kwa mpangilio. Nyingi zinatumia GHz 2.4 tu. Ruta ikichanganya 2.4 na 5 kwa jina moja, zitenganishe kwa muda au zima 5 wakati wa kuunganisha. Usalama uwe WPA2. Ukiweka WPA3 peke yake nyingi zinagoma. Kisha idadi: ruta ndogo za laini ya simu nyingi zina kikomo cha vifaa, 10 ni kawaida kwa zile za mfukoni. Simu za wateja zikijaa, balbu zinakosa nafasi. Wape wateja Wi-Fi yao, taa ziwe na yao.

Na bando. Programu nyingi za taa zinapitisha amri kwenye seva za nje ya nchi. Bando likiisha saa mbili usiku umebaki na rangi uliyokuwa nayo. Ndiyo maana kwa taa zaidi ya kumi na mbili hivi napendelea Zigbee (mtandao wa vifaa usiopitia Wi-Fi) yenye kitovu kinachofanya kazi bila intaneti. Kila kifaa kilichounganishwa na umeme kinapokezana ishara na mwenzake, hivyo umbali wa ukuta hausumbui. Kitovu kiweke mbali na ruta angalau mita moja, Wi-Fi iwe chaneli 1, Zigbee iwe 25.

Ukibaki na Wi-Fi, usitegemee ishara ipenye ukuta wa matumbawe wa unene wa nusu mita, na bati linairudisha kabisa. Weka kirudishi cha nje chenye IP65 mahali panapoonekana na boksi la kontrola. Boksi lenyewe liwe la plastiki. Kontrola ndani ya boksi la chuma haisikii kitu.

Ratiba: kwenye programu weka mahali ni Tanzania, saa za Afrika Mashariki, kisha tumia kuchwa kwa jua badala ya saa kamili.

ChumviNaShaba

Hamjagusa kijani cha kwenye viungio, na ndicho kitakachoua hata huo mkanda wa volti 24.

Kile kijani ni shaba inayoliwa. Chumvi ikichanganyika na unyevu inapitisha umeme kati ya padi, na kwa kuwa umeme ni wa mkondo mmoja, upande wa chanya ndio unaoyeyuka kwanza. Vile vibano vya plastiki vya kubana mkanda bila kulehemu havifai nje kabisa, maji yanakaa ndani. Mkanda wa gundi laini juu ni IP65 pale tu ulipotoka kiwandani. Ukiukata, pale ulipokata ni IP ya sifuri.

Nunua mkanda uliofungwa ndani ya mpira mzito wa silikoni, IP67. Epuka wenye gundi ya PU au epoksi, jua linaufanya njano na ile nyeupe ya 3000K inageuka rangi ya chai. Kila kiungio fanya hivi: kwangua padi, safisha kwa spiriti, lehemu, safisha tena mabaki ya flaksi kwa spiriti, funika kwa silikoni, vuta mpira wa kusinyaa wenye gundi ndani, pasha moto hadi gundi ichungulie pande zote mbili. Isipochungulia, hujafunga.

Silikoni sasa. Inuse kabla ya kununua. Inayonuka siki inatoa asidi ya siki inapokauka na inakula shaba. Unaifungia kutu ndani kwa mkono wako. Tafuta iliyoandikwa kuwa haina asidi, ile inayouzwa kwa vioo vya kujitazamia na vyuma.

Waya ukiingia kwenye boksi upinde chini kwanza kisha upande kwenye glandi (kiziba cha kupitishia waya), ili tone la maji lidondoke kwenye kona badala ya kufuata waya ndani. Glandi zote ziwe upande wa chini wa boksi. Toboa na kitundu cha mm 3 chini kabisa, kwa ajili ya jasho la ndani. Boksi lisilo na pa kutolea hujaa maji lenyewe. Skrubu ziwe chuma cha pua cha 316. Cha 304 kitaota madoa, na za kawaida zitalia kutu kwenye chokaa yako nyeupe.

Kipindi cha kusi, upepo unapopiga kutoka baharini, mwagia mkanda na taa maji baridi ya bomba kila wiki mbili. Bomba la kawaida, si mashine ya presha. Presha inavunja IP67.

Makuti: saplai yoyote, kontrola yoyote, kiungio chochote, visigusane na makuti wala visiwekwe juu yake. Makuti makavu hayahitaji moto mkubwa. Mkanda uwe ndani ya profaili ya alumini iliyofungwa kwenye boriti, waya ndani ya konduti hadi mwisho, kwa sababu panya wa makutini wanapenda mpira wa waya. Zile balbu nne za 230 ningezitoa niweke mkanda wa 24 kwenye boriti.

MamaBandani

Nashukuruni sana, hasa hilo la silikoni ya siki, ndiyo iliyotumika. Nimeelewa: volti 24, saplai katikati, vipande vya mita 5. Bado mambo mawili. Minazi na mkungu niimulike kwa taa gani, na rangi gani? Na ukuta unaonekana kutoka baharini, kuna tatizo?

FundiNgamiani

Miti usiizungushie mkanda, shina linanenepa na mkanda unakatika. Tumia taa za kuchomeka ardhini za volti 24, RGBW, wati 10 hivi kila moja. Kwa mnazi weka sentimita 60 hadi 80 kutoka shinani, ielekee juu, upande ambao nazi na makuti hayadondokei juu yake. Mkungu una matawi ya ngazi, kwa hiyo taa mbili kwa pembe tofauti zinaonyesha umbo kuliko moja kali.

Rangi: majani mabichi yanameza nyekundu, ukiyamulikia nyekundu unapata udhurungi mchafu. Kijani au nyeupe ya joto ndiyo inayakaa. Nyekundu, zambarau na bluu zipeleke kwenye chokaa, nyeupe inapokea rangi yoyote. Mkanda wa ukuta uweke juu, sentimita 15 mbele ya uso wa ukuta, umulike chini. Mabonde ya mawe yatajitokeza yenyewe. Ukiubandika ukutani kabisa utaona vitone vya taa badala ya ukuta.

Gharama za LUKU si za kutisha. Wati 432 kwa asilimia 40 ya mwanga, saa tano kwa usiku, ni uniti 0.86. Kwa mwezi kama 26. Kutumia rangi moja tupu ni nafuu zaidi.

ChumviNaShaba

Kuhusu bahari, usiweke nyekundu au kijani inayowaka na kuzima ikielekea majini. Boya za kuingilia bandarini kwa upande wetu huu wa dunia ni nyekundu kushoto na kijani kulia, na mvuvi anayerudi usiku anazitegemea. Rangi tuli, inayomulika chini ukutani, haina shida. Taa yenyewe isionekane ukiwa ufukweni, uonekane ukuta tu.

Kwa wanaosoma huu uzi wakiwa Pangani au Ushongo, ambako kasa wanataga: vifaranga vinafuata mwanga vikidhani ni bahari, na bluu na nyeupe ndizo mbaya zaidi. Rangi ya kaharabu ya kwenye programu si dawa, kwa kuwa RGB inaitengeneza kwa kuchanganya nyekundu na kijani, na hiyo kijani iko kwenye nanomita 520 na kitu. Kinachotakiwa ni zaidi ya 560. Weka nyekundu tupu, au nunua mkanda wa kaharabu halisi, nanomita 590 hivi, na uzime kabisa upande wa bahari msimu wa kutotoa.

Faida nyingine ya kaharabu: kumbikumbi wakitoka baada ya mvua wanafuata zaidi nyeupe na bluu. Hifadhi rangi mbili kwenye kitufe cha mhudumu, ya kawaida na ya siku ya kumbikumbi, abadilishe kabla sahani hazijajaa mbawa.

Mtandao_Chumbageni

Nyongeza moja. Kwenye breka ya taa weka kinga ya mrukoumeme (umeme unaopanda ghafla) ya aina ya 2, na kama bajeti haifiki, hata firiji gadi inayochelewesha dakika tatu. Umeme ukirudi hupanda na kushuka kabla ya kutulia, na ruta inapata muda wa kuamka kabla ya kontrola kuanza kuitafuta. Hakikisha tu ampea zake zinatosha: saplai zote mbili zikiwa zimebeba mzigo kamili wa ukuta hazizidi ampea 2.5 upande wa 230.